Rutheni inafanya kazi gani katika dawa ya malaria?

Mwalimu wa kemia anayefundisha kidato cha tano na cha sita ameniuliza swali lenye matawi matatu. Wanafunzi wake wamesoma kwamba artemisinini, ambayo ndiyo chimbuko la dawa mseto ya malaria, hutoka katika mmea wa artemisia, lakini pia kwamba inaweza kutengenezwa kiwandani kwa kuanzia na sukari na kwa msaada wa metali adimu iitwayo rutheni. Anataka kujua metali hiyo inafanya nini hasa, kama inabaki ndani ya kidonge anachomeza mgonjwa, na kwa nini wakulima wanaendelea kupanda artemisia ikiwa kiwanda kimekwisha kuweza kazi hiyo.

Mwalimu, tawi la kwanza ndilo lenye kemia nyingi, nami nitakaa hapo zaidi. Lakini huwezi kuelewa kazi ya rutheni bila kwanza kuitazama molekuli yenyewe, kwa sababu karibu kila uamuzi uliofanywa kiwandani ulilazimishwa na umbo lake.

Artemisinini ina fomula C15H22O5, na ndani yake atomu mbili za oksijeni zimeungana moja kwa moja, yaani lipo daraja la peroksidi. Daraja hilo ndilo dawa. Kimelea cha malaria kinapomeng'enya himoglobini ndani ya seli nyekundu ya damu, chuma kilichomo katika hemu, sehemu ya himoglobini yenye chuma, hukutana na daraja hilo na kulivunja, na vipande vinavyotokea, ambavyo ni radikali zenye ukali mkubwa, hushambulia protini za kimelea. Ukiondoa oksijeni moja ya daraja ukabakiza mengine yote kama yalivyokuwa, unapata deoksiartemisinini, ambayo kwa mgonjwa wa malaria haina msaada wa maana. Udhaifu huohuo wa daraja ndio uliowasumbua watafiti wa China walioanza kazi mwaka 1967. Tu Youyou alifanikiwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 alipoacha kuchemsha majani na badala yake akayakamua kwa etha, ambayo huchemka kwenye jotoridi la chini. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobeli.

Kabla sijafika kiwandani, naomba wanafunzi wako wapige hesabu moja, maana inaeleza ukubwa wa tatizo. Dozi kamili ya ALu, dawa mseto ya artemeta na lumefantrini, kwa mtu mzima ni vidonge 24 katika siku tatu, na kila kidonge kina miligramu 20 za artemeta na miligramu 120 za lumefantrini. Mgonjwa mmoja basi humeza miligramu 480 za artemeta. Artemeta hutengenezwa kutoka artemisinini, molekuli moja kwa molekuli moja, na uzito wa moli wa ya kwanza ni gramu 298.4 ilhali wa ya pili ni gramu 282.3. Hivyo, hata kama hakuna chochote kinachopotea njiani, dozi moja inahitaji takriban miligramu 454 za artemisinini. Majani makavu ya mmea wa aina nzuri yana karibu asilimia 1 ya artemisinini, na mimea mingi ina pungufu ya hapo. Kwa asilimia 1 unahitaji gramu 45 za majani makavu kwa mgonjwa mmoja, na kiuhalisia zaidi, kwa sababu ukamuaji na ubadilishaji kuwa artemeta vyote vina hasara yake. Zidisha kwa mamilioni ya wagonjwa, kisha kumbuka kwamba mmea huchukua miezi kadhaa shambani, na utaona kwa nini nchi zilipohamia dawa mseto kwa mkupuo, Tanzania ikiwa mojawapo mwishoni mwa mwaka 2006, soko liliyumba vibaya. Karibu na mwaka 2005 kilo moja ya artemisinini ilivuka dola 1,000 za Marekani.

Kuijenga molekuli hii yote tangu mwanzo katika maabara kunawezekana, na kulifanyika mara ya kwanza mwaka 1983. Hata hivyo hatua zake ni nyingi mno kwa dawa inayopaswa kuuzwa kwa bei ya maskini. Njia iliyoleta matumaini ilikuwa ya kati na kati: kiumbe hai kijenge sehemu ngumu ya kiunzi cha kaboni, kisha mkemia amalizie. Kundi la Jay Keasling wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na kampuni ya Amyris, kwa fedha za Wakfu wa Bill na Melinda Gates zilizotolewa mwaka 2004, lilihamishia jeni za artemisia katika hamira, ile ile jamii ya hamira inayoumulia mkate, hadi hamira ikaweza kula sukari na kutoa asidi ya artemisini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalitaja gramu 25 za asidi hiyo kwa kila lita. Kampuni ya Sanofi ya Ufaransa iliichukua teknolojia hiyo na kuipeleka katika kiwanda chake cha Garessio, Italia.

Sasa andika ubaoni fomula ya asidi ya artemisini, C15H22O2. Iongezee hidrojeni, H2, upate asidi ya dihidroartemisini, C15H24O2. Iongezee molekuli mbili za oksijeni na utoe molekuli moja ya maji: C15H22O5, artemisinini. Kwenye karatasi kazi imekwisha. Rutheni inaingia katika hatua ile ya kwanza tu, ya kuongeza hidrojeni mbili, na mwanafunzi makini atashangaa kwamba hatua inayoonekana nyepesi kuliko zote ndiyo inayodai metali ya thamani.

Sababu ziko tatu, nazo zimesongamana katika eneo dogo la molekuli.

Kwanza, gesi ya hidrojeni haina haraka. Kifungo kati ya atomu zake mbili ni imara, na ukiichanganya na asidi ya artemisini bila kichocheo unaweza kusubiri mpaka uchoke. Metali za kundi la platini, yaani rutheni, rodi, paladi, osmi, iridi na platini yenyewe, zina obitali zinazoweza kuipokea molekuli ya hidrojeni na kuitenganisha, kisha kushika kando yake kifungo maradufu cha kaboni, na hatimaye kuhamisha hidrojeni kwenda kwenye kaboni, moja baada ya nyingine. Metali hubaki huru kurudia mzunguko. Nikeli huweza kazi ya namna hiyo pia, na viwanda vya mafuta ya kula vimeitumia kwa zaidi ya karne kugandisha mafuta ya mimea. Katika maabara za mwishoni mwa miaka ya 1980, nikeli pamoja na borohidridi ya sodiamu ilitumika hata katika hatua hii hii ya asidi ya artemisini.

Pili, asidi ya artemisini ina vifungo maradufu viwili kati ya kaboni na kaboni, na kimoja tu ndicho kinachotakiwa kujazwa hidrojeni. Kile kinachotakiwa kiko nje ya pete, kwenye kaboni namba 11, jirani kabisa na kundi la asidi, na mwisho wake mmoja uko wazi kwani umebeba hidrojeni mbili tu. Kingine kiko ndani ya pete, kimezungukwa na makundi matatu ya kaboni. Ukikiharibu hiki cha pili umepoteza kila kitu, kwa sababu ndicho kitakachopokea oksijeni katika hatua inayofuata. Metali iliyowekwa juu ya unga wa mkaa, kama ilivyo kawaida kwa paladi, hufanya kazi haraka lakini mara nyingi haina uchaguzi wa kutosha. Rutheni iliyoyeyushwa pamoja na kitendwa chake, yaani asidi ya artemisini, hufanya jambo la kupendeza: hulishika kundi la asidi kwa oksijeni yake, na kwa kuwa kifungo maradufu kinachotakiwa kiko hapo hapo jirani, hukikuta mkononi. Kile cha ndani ya pete kiko mbali na kimebanwa. Kwa hiyo kundi la asidi, ambalo mtu angelidhani ni mzigo tu, ndilo linaloielekeza metali mahali pa kufanyia kazi.

Tatu, na hili ndilo lililofanya watu walipe bei ya rutheni badala ya kuridhika na metali ya bei rahisi, kifungo maradufu kina pande mbili. Hidrojeni ikiingia kwa upande mmoja, kundi jipya la methili linaelekea lilikotakiwa. Ikiingia kwa upande wa pili, methili inaelekea kinyume, na molekuli inayotokea ina atomu zile zile, vifungo vile vile, lakini mkao tofauti kwenye kaboni moja, kama kiatu cha kushoto kilichoingia katika boksi la viatu vya kulia. Molekuli hiyo ya mkao mbaya itaendelea na safari, itapokea oksijeni kama wenzake, na itatoka mwishoni ikiwa uchafu unaofanana mno na dawa, ambao ni kazi kuutenga.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka. Asidi ya artemisini tayari ina umbo lisilo linganifu, kwa sababu hamira imeijenga kwa vimeng'enya, na umbo hilo lenyewe linaupendelea upande mmoja. Kwa hiyo hata kichocheo kisicho na mkono wowote, yaani kisichopendelea kulia wala kushoto, hutoa mchanganyiko ulioelemea upande sahihi. Watafiti wa Amyris walitumia kichocheo cha Wilkinson, ambacho ni rodi iliyozungukwa na fosfini za kawaida (molekuli zenye fosforasi), na walipata takriban sehemu 9 za mkao sahihi kwa 1 ya mkao mbaya. Sanofi walibadilisha metali na pia walichozungushia metali. Walichukua rutheni na kuifunga kwa ligandi, yaani molekuli inayoishikilia metali, iitwayo Segphos, iliyobuniwa na kampuni ya Takasago ya Japani, yenye fosforasi mbili na makundi makubwa yaliyojikunja kwa mkono mmoja tu. Makundi hayo huziba baadhi ya nafasi zinazoizunguka metali, kiasi kwamba molekuli ikija kwa upande usiotakiwa haipati pa kukaa. Upendeleo wa asili wa molekuli na upendeleo wa ligandi vikivuta pamoja, uwiano ulifika takriban 95 kwa 5. Chukulia kiwanda kinacholenga tani 50 kwa mwaka: hizo asilimia 5 za ziada, kutoka 90 hadi 95, ni tani mbili na nusu za bidhaa ambayo vinginevyo ingekuwa taka, tena taka ngumu kuitoa.

Fikra ya kuipa metali mkono wa kulia au wa kushoto kwa njia ya ligandi si mpya. William Knowles wa kampuni ya Monsanto aliitumia katika miaka ya 1970, kwa rodi, kutengeneza L-dopa, dawa ya ugonjwa wa Parkinson. Ryoji Noyori wa Japani aliiendeleza kwa ligandi ya BINAP, ambayo Segphos ni ndugu yake wa karibu, na wote wawili, pamoja na Barry Sharpless, walishiriki Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2001. Nitaongeza kwa pembeni, kwa kuwa najua wanafunzi watafurahi, kwamba L-dopa nayo imo katika mimea, na mojawapo ya mimea yenye akiba kubwa katika mbegu zake ni upupu, huo huo unaotuwasha porini.

Mmea wenyewe, tukiurudia, hautumii rutheni wala metali yoyote ya kundi hilo. Artemisia huongeza hidrojeni hizo mbili mapema zaidi, wakati molekuli ingali aldehaidi na haijawa asidi, kwa kimeng'enya kinachoitwa DBR2.

Baada ya hidrojeni huja oksijeni, na hapa mpangilio wa hatua ni wa lazima. Huwezi kujenga daraja la peroksidi kwanza kisha ukaongeza hidrojeni, maana hidrojeni pamoja na paladi hulivunja daraja na kukuachia deoksiartemisinini niliyoitaja. Kwa hiyo metali hutangulia, huondolewa, ndipo oksijeni ikaribishwe. Sanofi walitumia mwanga. Rangi iitwayo tetrafenilipofirini, yenye pete inayofanana na ile ya klorofili lakini bila metali katikati, hunyonya mwanga wa taa na kuikabidhi nishati hiyo oksijeni ya kawaida, ambayo hugeuka kuwa oksijeni ya singleti, yaani oksijeni iliyochangamshwa na kuwa kali zaidi. Oksijeni hii hukishambulia kile kifungo maradufu cha ndani ya pete tulichokihifadhi kwa bidii, na katika mazingira ya asidi kali kiasi, molekuli hujikata, hupokea oksijeni ya pili na kujifunga yenyewe mpaka daraja likamilike. Kutoka asidi ya artemisini hadi artemisinini iliyosafishwa, zaidi kidogo ya nusu ya molekuli hufika salama. Watafiti wa Amyris walikuwa wamekwepa taa kwa kupata oksijeni ya singleti kutoka peroksidi ya hidrojeni, na wakatumia chumvi ya shaba kusukuma hatua ya kujifunga, hivyo metali si za hatua ya kwanza pekee katika kila njia. Ushahidi uliopo unaonyesha kwamba katika jani, hatua hizi za mwisho huendeshwa na mwanga na hewa bila kimeng'enya, ndani ya vitezi vidogo vilivyo juu ya jani, na kwa maoni yangu hilo ndilo jambo la ajabu kuliko yote katika habari hii: kiwanda cha Garessio kilijengwa kuiga kinachotokea juani.

Tawi la pili la swali lako ni la usalama. Metali iliyoyeyuka pamoja na kitendwa haichujwi kwa karatasi, kwa hiyo wasiwasi wa wanafunzi una msingi. Lakini hesabu inatuliza. Mwongozo wa kimataifa unaotumiwa na mamlaka za dawa kuhusu mabaki ya metali unaruhusu mikrogramu 100 za rutheni kwa siku katika dawa ya kumeza. Mgonjwa wa ALu humeza vidonge 8 kwa siku, yaani miligramu 160 za artemeta. Tufanye, kwa mfano tu, kwamba artemeta hiyo ina rutheni sehemu 10 kwa kila milioni: mgonjwa angemeza mikrogramu 1.6, ambayo haifiki hata asilimia 2 ya kiwango kinachoruhusiwa. Na kati ya hatua ya rutheni na kidonge kuna uoshaji, ufuwelishaji wa artemisinini, ubadilishaji kuwa dihidroartemisinini na kisha artemeta, na usafishaji mwingine baada ya hapo, na kila hatua huacha nyuma sehemu ya metali. Pia kiwanda chenyewe hakina hamu ya kuiacha metali ipotee katika vidonge. Rodi ilivuka dola 29,000 kwa aunsi mwezi Machi 2021. Rutheni ni rahisi zaidi kwa mbali, lakini haitupwi. Sehemu kubwa ya metali hizi huchimbwa Afrika, hasa katika miamba ya Bushveld nchini Afrika Kusini. Mwezi Mei 2013 Shirika la Afya Duniani lilikubali artemisinini ya njia hii itumike katika dawa kama ile ya mmea, kwa kuwa molekuli ni ile ile.

Tawi la tatu linatoka nje ya kemia, nami nitalijibu kwa ufupi. Sanofi walizindua uzalishaji mkubwa mwezi Aprili 2013, wakitarajia tani 35 mwaka huo na kati ya tani 50 na 60 mwaka uliofuata, na walipanga kuuza bila faida wala hasara kwa takriban dola 350 hadi 400 kwa kilo. Lakini bei zile za mwaka 2005 zilikuwa zimewavuta wakulima wengi, China na Vietnam kwanza, kisha Afrika Mashariki, ambako artemisia ilipandwa Arusha, katika nyanda za juu za Kenya na kusini magharibi mwa Uganda, na kiwanda cha kukamulia kikajengwa Athi River. Majani yalipozidi mahitaji, artemisinini ya mmea ilishuka chini ya dola 250 kwa kilo. Kiwanda kilichokuwa na kemia nzuri kuliko shamba kilikuwa na bei mbaya kuliko shamba, na mwaka 2015 hakikuzalisha artemisinini yoyote. Baadaye kiliuzwa kwa kampuni ya Huvepharma ya Bulgaria. Waliopata hasara kwanza, hata hivyo, walikuwa wakulima, kwa kuwa bei iliyokiangusha kiwanda iliwaangusha na wao, na wengi wa huku kwetu walirudi kwenye mahindi na maharage.

Mimi naona kosa halikuwa katika rutheni. Gharama nzito katika njia ya Garessio ilikuwa kulisha hamira, kuitenga asidi, kuendesha taa na kusafisha viyeyushi, na hata kama hatua ya hidrojeni ingekuwa ya bure kabisa, pengo la zaidi ya dola 100 kwa kilo lisingezibika kwa hilo pekee. Ukitaka kuwapa wanafunzi wa kidato cha sita zoezi la mwisho, waulize ni kiasi gani cha artemisinini katika jani, kwa asilimia, kingeifanya kilo ya shambani iwe ghali kuliko ya kiwandani, wakichukulia bei ya majani makavu katika wilaya yenu. Watalazimika kwenda kumuuliza mkulima.